Albamu Mbaya Kuliko Zote ni ya Kaka Yangu

Jumapili, Desemba. Mvua ilitukuta tukitoka kanisani na mpaka sasa inapiga mabati ya mtaa wetu wa Ngagara bila huruma. Sina hamu ya kula. Sina hamu ya muziki pia, na anayenijua ataelewa kwamba hiyo ndiyo habari kubwa.

Mnaonisoma mnajua desturi yangu. Kila Desemba kwenye blogu hii napanga albamu kumi za mwaka, na chini kabisa, baada ya mstari, naweka moja ya ziada: Albamu Mbaya Kuliko Zote. Mnajua pia, na mimi najua, kwamba hakuna hata mmoja wenu anayeanza juu. Mnashuka mbio hadi mwisho wa ukurasa kuona safari hii nimemchinja nani, kisha mkishashiba ndipo mnapanda polepole kuona nani ameshinda. Siwalaumu. Mimi mwenyewe naanza kuandika kutoka chini.

Kaka yangu Désiré ndiye msomaji wangu wa kwanza. Nikitoa kitu asubuhi, kabla mtu mwingine hajafungua macho, yeye ameshaandika neno moja kwenye maoni: "Nimefika." Hasifu, habishi, anafika tu. Niliwahi kuandika ukurasa mzima kuhusu malaria yangu, maandishi ya mtu mwenye homa, hayana kichwa wala miguu. Akafika.

Alhamisi nilitoa orodha ya mwaka huu. Chini ya mstari niliweka albamu yake.

Nieleze kwa utaratibu, maana tangu Alhamisi kila mtu ananieleza mimi.

Baba alifariki Desemba iliyopita. Kwetu, mtu akishazikwa, nyumba inabaki kwenye matanga mpaka siku ya kugandaruka, ile wengine wanaita levée de deuil, ndugu wanapokusanyika mwaka unapokwisha, wakasema ya mwisho juu ya marehemu, wakanywa, na nyumba ikaruhusiwa kucheka tena. Kabla ya siku hiyo hakuna harusi na hakuna muziki wa kufungulia watu wasikie. Mama alifunika redio ya sebuleni kwa kitambaa cheupe, kile cha kufunikia mkate. Ilikaa hivyo mwaka mzima.

Kwa hiyo albamu zote za mwaka huu nimezisikiliza chumbani, kwa spika za masikioni, tena sikio moja tu kwa sababu spika ya kushoto ilikufa mwezi wa tatu. Binti wa mwalimu wa kwaya, anasikiliza muziki kama mwizi ndani ya nyumba ya baba yake.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani baada ya saa za ofisi, na alikuwa mkatili. Nasema hivyo kwa mapenzi. Waimbaji arobaini wakiimba, yeye angegonga benchi kwa kalamu, wote wanyamaze, kisha aende moja kwa moja kwa yule mmoja aliyekosea. Kuna mama wa sauti ya kwanza ambaye Baba aliwahi kumwambia mbele ya wote: "We mama, tulia kidogo, wacha Mungu apumuzike." Yule mama hakurudi. Baba hakusikitika. Jioni nilikuwa nakaa naye tunasikiliza kaseti, ananiuliza nani amekosea na wapi. Nikipata, alinipa kichwa cha samaki. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo ninavyoandika. Mtoto wa nyoka ni nyoka, anasema shangazi yangu Goreth, na hasemi kwa utani.

Désiré hakuulizwa nani amekosea. Ilikuwa kila mara ni yeye. Anaingia kwenye noti kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki gizani: anagonga kwanza kwa jirani. Na ajabu ni hii, Baba aliyefukuza nusu ya parokia hakuwahi kumgusa Désiré. Miaka yote alimwacha palepale, mstari wa nyuma, upande wa besi, anaimba kwa moyo wake wote, chini kidogo ya wenzake.

Baba alipokuwa hospitali, siku za mwisho, aliomba simu ya Mama akanitumia ujumbe wa sauti. Mimi nilikuwa Uvira kwa bibi, nikihangaika kurudi. Alikuwa hana pumzi, kidole kikaachia katikati, hivyo zikafika sauti mbili, moja nyuma ya nyingine. Nilizipokea mpakani Gatumba, nimesimama kwenye mstari wa kugonga vitambulisho. Sikumkuta hai.

Ile ya pili nimeisikiliza mwaka mzima kwa sikio langu moja. Inasema: "Usiache, mwanangu. Watu watakuchukia, we usiache. Sema kweli hata kama inauma. Baba yako iko nyuma yako."

Hayo ndiyo yote niliyorithi. Désiré alichukua gitaa, Mama alibaki na nyumba, mimi nikabaki na hayo.

Sasa Jumanne iliyopita nikakaa kusikiliza albamu ya kaka yangu. Alikuwa ameirekodi mwaka mzima, jioni, akitoka dukani Buyenzi anakouza vipuri vya magari, na alitaka iwe muziki wa kwanza kusikika nyumbani siku ya kugandaruka. Ukoo wote ulikubali. Nilibonyeza wimbo wa kwanza. Kimya kidogo, halafu kikohozi ninachokijua, halafu sauti ya Baba: "Usiache, mwanangu."

Albamu yenyewe inaitwa hivyo. "Usiache, Mwanangu."

Nilitoa ile spika sikioni nikaitazama kama imeniuma.

Nilimkuta Mama uani anachambua maharage. Nikamwuliza Désiré alipata wapi ule ujumbe wangu. Hakushangaa hata kidogo, nadhani alikuwa ananisubiri.

"Mi njo nilimutumia," alisema. "Ile ya pili. Alikuwa analia kama mutoto, ananiuliza Baba alimuachia neno gani. Ulitaka nimujibu nini? Apana, hakukuachia kitu?"

"Lakini haikuwa yake, Mama."

"We ulikuwa na baba yako mwaka muzima mu telefone. Ndugu yako alikuwa na nini?" Kisha akapuliza maganda kwenye ungo na kusema lile alilokusudia. "Na kwenye hiyo classement yako, umuweke wa kwanza. Mara moja tu. Pardon, Nadine. Ni matanga."

Niliingia ndani nikaandika, na niliandika vizuri sana. Hasira ni mhariri mzuri, haiachi neno la ziada.

Nafasi ya kwanza nilimpa yule mwanamke wa Gatumba aliyeimba mafuriko, "Maji Yamerudi", ingawa hata yeye sikumwacha salama: nilisema nyimbo tatu kati ya kumi zingefaa kuchukuliwa na maji pamoja na magodoro. Ya nne nilimpa kijana wa "Foleni", albamu nzima kuhusu kungoja petroli, ambayo ni nzuri ila nayo unangoja sana. Ya saba, wale dada watatu wa injili, nikaandika kwamba wana sauti mbili nzuri na ndugu mmoja. Mlicheka. Niliona mlivyocheka, mlinitumia vicheko mpaka simu ikapata moto.

Halafu nikachora mstari.

Niliandika kwamba "Usiache, Mwanangu" ni albamu ya mtu aliyepewa ushauri mbaya. Niliandika kwamba sauti pekee nzuri humo ni ya marehemu baba yetu, na kwamba marehemu hakuwa anazungumza na mwimbaji. Alikuwa anazungumza nami. Niliandika kwamba kabla ya ujumbe huo kulikuwa na mwingine, na nikaunukuu, mbele yenu wote: "Nadine, mwanangu. Désiré umuambie aache kuimba. Sauti iko, maskio haiko."

Nikaweka nukta. Nikatoa. Nikalala usingizi mzuri, na hilo nalo liandikwe.

Nilijiambia namwokoa. Alikuwa ameanza kusema ataacha duka mwezi wa kwanza azunguke kuimba, Uvira, Goma, popote watakapomsikiliza, na ana mke na watoto wawili. Nilijiambia mtu lazima amwambie. Shangazi Goreth aliponipigia simu nilimjibu hivyohivyo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufunga jeraha la mwenzake.

"Wewe," aliniambia, "ungekuwa daktari, watu wangepona wote halafu wakufe ju ya maneno yako."

Asubuhi ya Ijumaa maoni yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote. "Umeua." "Hata ndugu yako, aisee!" "Huyu dada hana dini." Niliyapitia yote, nikarudia tena kuanzia juu. Hakukuwa na "Nimefika."

Jana ikawa siku ya kugandaruka. Hema uani, viti vya plastiki, bia upande mmoja na fanta upande mwingine, ndugu wa Buyenzi, ndugu wa Uvira, wanakwaya wote, hata yule mama aliyeambiwa amwache Mungu apumzike. Alikuja na sahani ya ndizi. Niligawa vinywaji. Watu walipokea chupa bila kunitazama, isipokuwa vijana wawili walioniambia kwa sauti ya chini kwamba wananisoma, na mmoja aliuliza kama naweza kumchambua mjomba wake pia.

Msemaji wa ukoo alisema ya kwake, padri akabariki. Mama akaondoa kile kitambaa kwenye redio, akakikunja mara nne. Ndipo ukaja wakati wa muziki, na wote wakamgeukia Désiré. Alikuwa amevaa suti ya Baba. Mikono ilikuwa mirefu, ameikunja ndani.

Alichomeka simu yake kwenye spika. Hakuweka wimbo.

"Mulisoma nusu," alisema. "Mama alinipa nusu, Nadine akawapa nusu ingine. Sasa Mama amenipa yote, musikilize."

Ikatoka sauti ya Baba, kubwa, juu ya viti vyote. Nadine, mwanangu. Désiré umuambie aache kuimba. Sauti iko, maskio haiko. Watu walicheka. Jamani walicheka, kicheko cha watu waliomkosa mtu mwaka mzima, wakamsikia tena amerudi na ukali wake uleule. Yule mama wa sauti ya kwanza alipiga mapaja. Désiré pia alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kreti ya fanta na sikucheka, kwa sababu nilijua kinachofuata. Nimekijua mwaka mzima.

"Mi nilishindwa kumuambia," ilisema sauti ya Baba, "juu ninamupenda. Roho yangu inakataa. We utamuambia."

Hapo hakuna aliyecheka.

Hiyo ndiyo sehemu niliyokata. Mama alikata upande mmoja, mimi nikakata upande wa pili, na tofauti yetu ni kwamba Mama alikata ili mtu apone.

Niseme kwa nini, maana shajara ikifichwa haina kazi. Nimezisikiliza zile sauti mbili mpaka najua wapi anameza mate. Humo ndani mna "ninamupenda" moja tu. Moja. Na si yangu. Mimi niliambiwa nifanye kazi, nikaambiwa nitachukiwa, nisiache. Mimi niliyejua nani amekosea na wapi. Mimi niliyekula vichwa vyote vile vya samaki. Neno lenyewe likaenda kwa yule asiyesikia noti, na nilikuwa nimelibeba mimi, kwenye simu yangu, kama mtu aliyetumwa kupeleka mzigo wa mwenzake. Nikaamua sitaufikisha.

Wivu. Hilo ndilo jina lake. Mengine yote, mke, watoto wawili, duka la vipuri, nilitafuta baadaye.

Désiré akaiachia na ile ya pili hadi mwisho. Usiache, mwanangu. Kisha akachomoa simu.

"Hii ni ya Nadine," aliwaambia watu. "Mi sikujua. Nilifikiri ni yangu." Akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ningeomba uwe nayo. "Chukua kitu yako, dada. Na mi nimesikia yangu."

Akaenda kukaa karibu na Mama. Watu sitini, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake, mpaka mmoja wa wapwa akakimbilia spika akaweka chochote alichokuwa nacho.

Na hapa ndipo Mungu, kama amepumzika vya kutosha, alipoamua kunicheka. Muziki wa kwanza kusikika ndani ya nyumba ya Baba baada ya mwaka wa kimya ulikuwa wa yule rapa anayejiita Mfalme wa Mji. Mnamjua. Nyimbo kumi na tisa, na katika kumi na saba anataja jina lake kabla hajaimba neno. Ngoma ile ile ya kompyuta kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtu amesahau kuizima. Watu walicheza. Shangazi Goreth alicheza. Mimi nilisimama na kreti yangu, masikio mawili wazi kwa mara ya kwanza mwaka mzima, na nikasikia wazi kabisa kitu ambacho Alhamisi nilikijua na nikakipita.

Hii ndiyo albamu mbaya kuliko zote. Haina hata mpinzani.

Ya Désiré ni mbaya. Sitasema vinginevyo, hata leo. Lakini kuna wimbo wa nne, anaimba chini, karibu kunong'ona, juu ya Mama kwenye benchi la hospitali na termosi ya chai ambayo hakuna anayeinywa. Pale hatafuti noti ya mtu. Anaongea tu na gitaa linamfuata. Nilipousikia Jumanne niliurudisha nyuma nikausikiliza tena, kisha nikauacha nje ya maandishi yangu, kwa sababu ungeniharibia kisu.

Kwa hiyo nilidanganya. Baba alinipa sentensi nne za kuishi nazo, na moja ilikuwa niseme kweli. Nikaichukua hiyo hiyo nikamchinja nayo mtu kwa uongo.

Leo asubuhi kanisani Désiré alikuja na kwaya, akapanda, akasimama mahali pake, mstari wa nyuma, upande wa besi. Kitabu cha nyimbo alikishika wazi. Hakufungua mdomo. Wimbo wa kuingia, hakufungua. Wa matoleo, hakufungua. Mama alikuwa kando yangu, na tangu Alhamisi hajanisemesha zaidi ya "pitisha chumvi". Wakati wa komunio akaniinamia.

"Ona," alisema. "Amekuitika."

Sasa niseme jambo baya zaidi la wiki nzima. Kwaya iliimba vizuri. Besi zilikaa mahali pake, sauti zote nne zikafungana, hakuna aliyevuta wenzake chini. Haijawahi kuimba hivyo tangu nina akili. Padri mwenyewe aliinua macho. Baba alikuwa sahihi kila sikukuu, kila Jumapili, miaka yote, na alivumilia sauti ile iharibu kazi ya maisha yake, kwa sababu roho yake ilikataa. Nilikaa pale nikiitafuta kwa sikio, pale chini kidogo ya wenzake inapokaa siku zote. Nilisikiliza mpaka baraka ya mwisho. Haikuwapo.

Baada ya misa alinipita mlangoni. Alinisalimu, "Bonjour, Nadine," kama mtu anavyomsalimu mke wa mwenye duka, akafungua mwavuli akamfunika Mama, wakaondoka. Nilirudi kwa mguu na mvua yangu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wale niliowachinja miaka yote chini ya ule mstari nao wana dada zao, nadhani, na Jumapili zao. Sikuwahi kufikiria. Na wala sitawaahidi kwamba nitakuwa mpole, mimi si mpole, mpole mtamtafuta kwenye blogu nyingine. Lakini kipimo changu nilikipinda, na mwenye kipimo kilichopinda hana haki ya kumpima hata paka.

Kwa hiyo nasahihisha hapa, palepale nilipokosea, mbele ya walewale waliocheka.

Albamu mbaya kuliko zote ya mwaka huu ni ya Mfalme wa Mji. "Usiache, Mwanangu" ni ya kumi na nne kati ya zote nilizosikiliza, nimezihesabu upya mchana huu. Si zawadi na si msamaha. Ni ya kumi na nne kwa haki. Ule wimbo wa nne, ungekuwa peke yake, ningeupandisha. Na yale maneno ya Baba kuhusu yeye yanaishia kwenye "ninamupenda", hayaishii nilipoyakata mimi.

Nimekaa dirishani, redio iko wazi bila kitambaa na hakuna anayeiwasha. Natoa ukurasa huu sasa hivi, mchana, saa ambayo mtu yeyote anaweza kuwa wa kwanza.

Désiré, umefika?